Je, Wajua? Waislamu wa Asili ya Afrika Mashariki Waliochaguliwa Ughaibuni

Mlali, wilayani Kongwa, siku ya kupiga kura foleni ni moja. Aliyeswali msikitini na aliyesali kanisani husimama mmoja nyuma ya mwenzake, na karatasi wanayopewa ni ileile. Kwetu jambo hilo ni la kawaida. Lakini je, wajua kwamba Marekani, Kanada na Uingereza, ambako Waislamu ni wachache, wapo Waislamu waliokabidhiwa uongozi kwa kura za majirani wa dini nyingine, na baadhi ya wanaojulikana zaidi wana asili ya huku kwetu? Soma, kisha msimulie na mwenzako.

WALIOTOKEA KWETU

Je, wajua kwamba meya wa New York ni mzaliwa wa Kampala? Zohran Kwame Mamdani alizaliwa tarehe 18 Oktoba 1991. Alifika Marekani akiwa na miaka 7, akapata uraia mwaka 2018, na katika uchaguzi wa 2020 akashinda kiti katika bunge la jimbo la New York. Tarehe 4 Novemba 2025 alichaguliwa meya, akawa Mwislamu wa kwanza kushika wadhifa huo. Jina la Kwame alipewa kwa heshima ya Kwame Nkrumah wa Ghana.

Je, wajua kwamba babu na bibi wa Zohran, wazazi wa baba yake, walizaliwa Tanganyika? Baba yake, Profesa Mahmood Mamdani, alikulia Kampala. Mwaka 1972 alikuwa miongoni mwa Waasia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin, na katika miaka hiyohiyo ya 1970 alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Je, wajua kwamba Ilhan Omar aliishi kambini nchini Kenya? Alizaliwa Mogadishu mwaka 1982. Vita vilipoanza alikuwa na miaka 8, na familia yake ikakaa miaka minne katika kambi ya wakimbizi Kenya kabla ya kupelekwa Marekani mwaka 1995. Babu yake alipenda siasa lakini Kiingereza kilimsumbua, basi alikuwa akienda na mjukuu kwenye mikutano ya chama ili amtafsirie. Mkalimani huyo alichaguliwa kuingia bunge la jimbo la Minnesota mwaka 2016. Mwaka 2018 yeye na Rashida Tlaib wa Michigan wakawa wanawake wa kwanza Waislamu kuchaguliwa katika Bunge la Marekani.

Je, wajua kwamba Mwislamu wa kwanza kuwa meya wa jiji kubwa Amerika ya Kaskazini ni mtoto wa wahamiaji kutoka Tanzania? Ni Naheed Nenshi, wa madhehebu ya Ismailia. Wazazi wake waliondoka Tanzania kwenda Kanada, naye akazaliwa Toronto mwaka 1972. Aliongoza jiji la Calgary kuanzia 2010 hadi 2021, vipindi vitatu mfululizo.

Je, wajua kwamba mwanamke Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Kanada alizaliwa Tanganyika? Yasmin Ratansi alishinda jimbo la Don Valley East, Toronto, mwaka 2004.

Je, wajua kwamba Mwislamu wa kwanza kabisa katika Bunge hilo naye ni wa kwetu? Rahim Jaffer, mzaliwa wa Kampala, alichaguliwa mwaka 1997 kwa jimbo la Edmonton–Strathcona. Miaka 28 baadaye, Juni 2025, Nenshi alishinda kiti cha jina hilohilo katika bunge la mkoa wa Alberta. Mji mmoja, Waislamu wawili, mmoja wa asili ya Uganda na mwingine wa asili ya Tanzania.

Je, wajua kwamba mtoto mchanga aliyefukuzwa Uganda alikuja kuwa Waziri wa Sheria? Arif Virani alizaliwa Kampala Novemba 1971. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 wawe wameondoka, na familia yake ikapokelewa Kanada. Alichaguliwa mbunge mwaka 2015, na Julai 2023 akateuliwa Waziri wa Sheria wa nchi iliyompokea akiwa bado mchanga.

Je, wajua kwamba mkimbizi aliwahi kupewa wizara inayoshughulikia wakimbizi? Ahmed Hussen alizaliwa Mogadishu na kufika Kanada mwaka 1993 akiwa na miaka 16. Mwaka 2015 akawa mbunge wa kwanza wa Kanada mwenye asili ya Somalia. Januari 2017 akakabidhiwa Wizara ya Uhamiaji na Wakimbizi.

Je, wajua kwamba mama wa aliyekuwa Waziri Kiongozi wa Scotland alizaliwa Nairobi? Humza Yousaf ni mtoto wa baba kutoka Pakistan na mama mzaliwa wa Kenya. Alishika uongozi wa Scotland Machi 2023, mwezi wa Ramadhani. Jioni ya kwanza katika makazi rasmi mjini Edinburgh alifuturu na familia yake, kisha akawaongoza katika swala.

SHERIA NA VIAPO

Je, wajua kwamba Katiba ya Marekani inakataza kumpima kiongozi kwa dini yake? Ibara ya 6 ya Katiba hiyo, iliyoandikwa mwaka 1787, inasema hakuna sharti la dini litakalowekwa kwa mtu anayetaka wadhifa wa umma. Hata hivyo, zilipita zaidi ya karne mbili kabla ya Mwislamu wa kwanza, Keith Ellison wa Minnesota, kuchaguliwa katika Bunge la nchi hiyo mwaka 2006. Sheria ilikuwapo siku zote. Kilichochelewa ni wananchi kumwamini mtu asiye wa dini yao.

Je, wajua kwamba Ellison aliapa kwa Kurani iliyokuwa mali ya Rais Thomas Jefferson? Ni tafsiri ya Kiingereza ya George Sale, yenye juzuu mbili. Jefferson aliinunua mwaka 1765, akiwa bado kijana anayesomea sheria. Waingereza walipoichoma maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 1814, Jefferson aliliuzia Bunge vitabu vyake, na Kurani hiyo ikawamo. Januari 2007 ilitolewa kabatini, Ellison akaweka mkono juu yake. Waliodai kuwa kitabu hicho hakina nafasi katika historia ya Marekani walijibiwa na maktaba ya Bunge lenyewe.

Je, wajua kwamba Uingereza mlango wa Bunge ulifunguliwa kwa Waislamu kutokana na mapambano ya Wayahudi? Lionel de Rothschild, Myahudi, alichaguliwa na watu wa London mwaka 1847, lakini hakukaa kitini kwa sababu kiapo kilimtaka aape kwa imani ya Kikristo. Alichaguliwa tena na tena, akazuiwa tena na tena, hadi utaratibu ukabadilishwa mwaka 1858. Mohammad Sarwar alipokuwa mbunge wa kwanza Mwislamu, mwaka 1997 huko Glasgow, kizuizi hicho kilikuwa kimeondolewa zamani. Haki anayoipigania mtu wa dini moja huwafaa na wa dini nyingine.

Je, wajua kwamba Sadiq Khan aliacha Kurani yake katika kasri la malkia? Mwaka 2009, akiwa waziri, alipaswa kuapa mbele ya Malkia Elizabeth kama mjumbe wa baraza la washauri wa kiti cha ufalme. Kasrini hapakuwa na Kurani, akaja na yake. Baada ya kiapo aliiacha hapo, ili Mwislamu atakayefuata aikute. Mtoto huyo wa dereva wa basi alichaguliwa meya wa London mwaka 2016, akarudishwa 2021 na 2024.

Je, wajua kwamba ilibidi kanuni ya miaka 181 ibadilishwe ili mwanamke aweze kuvaa hijabu bungeni? Tangu 1837, Baraza la Wawakilishi la Marekani lilikataza kuvaa chochote kichwani ndani ya ukumbi. Lengo lilikuwa kofia za wanaume, lakini katazo liligusa hijabu pia. Januari 2019, Ilhan Omar alipoingia, kanuni ilirekebishwa ili kuruhusu vazi la dini.

KURA HUFUATA KAZI

Je, wajua Waislamu ni wachache kiasi gani huko? Marekani ni takriban asilimia 1 ya watu wote. Kanada, kwa sensa ya 2021, ni asilimia 4.9. England na Wales, mwaka huohuo, ni asilimia 6.5. Scotland, sensa ya 2022, ni asilimia 2.2. Kwa hesabu hiyo, hakuna anayeweza kushinda umeya wa New York au Calgary kwa kura za Waislamu peke yao.

Je, wajua kwamba wananchi waliwahi kumsihi meya wao akalale? Juni 2013 mafuriko makubwa yaliikumba Calgary. Nenshi alikesha akizunguka mitaa iliyofurika na kutoa taarifa kwa wananchi, hadi watu wakaanza kuandika mitandaoni kumwomba apumzike. Oktoba mwaka huohuo alirudishwa madarakani kwa karibu asilimia 74 ya kura. Alipewa pia Tuzo ya Meya Bora wa Dunia ya mwaka 2014.

Je, wajua kwamba Mamdani aligoma kula kwa siku 15? Mwaka 2021 alijiunga na madereva wa teksi wa New York waliokuwa wamelemewa na madeni ya leseni zao. Mgomo uliisha jiji lilipokubali mpango wa kupunguza madeni hayo. Alipogombea umeya alizungumzia kodi ya pango, nauli ya basi na malezi ya watoto, mambo yanayomkera mwananchi wa dini yoyote.

Je, wajua kwamba Ilhan Omar aliambiwa arudi alikotoka? Julai 2019 Rais Donald Trump aliandika maneno hayo kuwalenga wabunge wanawake wa chama cha upinzani, na Baraza la Wawakilishi likapitisha azimio la kuyalaani. Wapiga kura wa Minneapolis, ambao wengi wao si Waislamu, walimrudisha bungeni 2020, 2022 na 2024.

Je, wajua kwamba kura haimbebi mtu daima? Rahim Jaffer alishindwa katika uchaguzi wa 2008. Humza Yousaf aliachia uongozi Mei 2024 baada ya kuvunja ushirikiano na chama cha Kijani na kukosa wabunge wa kutosha wa kumuunga mkono. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Mwislamu aliyechaguliwa hupimwa kwa kipimo cha wote, na akishindwa huondoka kama wengine.

NA HAPA MLALI?

Je, wajua kwamba mji mmoja wa Marekani uliwahi kumpata meya kwa utaratibu unaofanana na wetu? Deqa Dhalac, mzaliwa wa Mogadishu, alichaguliwa diwani wa South Portland, jimbo la Maine. Desemba 2021 madiwani wenzake wakampigia kura awe meya. Nasi tunachagua diwani wa kata, na madiwani wa Kongwa wakikutana humchagua mmoja wao kuwa mwenyekiti wa halmashauri ya wilaya. Kumbe kura unayoipiga hapa Mlali haiishii Mlali.

Je, wajua kwamba Tanzania haiulizi dini katika sensa tangu 1967? Na ibara ya 20 ya Katiba yetu hairuhusu chama cha siasa kusajiliwa kwa ajili ya dini fulani. Bungeni Dodoma mbunge huapa akiwa ameshika kitabu cha imani yake, Kurani au Biblia, na kiapo cha kuitumikia Jamhuri ni kimoja.

Msingi huo tunao tayari, na ni wajibu wetu kuulinda. Mgombea akija kuomba kura, muulize kuhusu maji, barabara ya kupeleka mahindi sokoni Kibaigwa na walimu wa shule. Akianza kukuhesabia waumini, mrudishe kwenye maswali hayo. Wapiga kura wa Calgary, Minneapolis na New York waliwapa uongozi watoto wa Kampala, Mogadishu na wa wazazi waliotoka Tanzania kwa sababu waliwapima kwa kazi. Nasi tuwapime wetu hivyo hivyo, awe Asha au Yohana.