Juu ya nini shingo inauma kisha kukimbia kwenye mashine

Wandugu, kichwa cha mtu mukubwa kina karibu kilo 5. Ukikiinamisha sana kwa kuangalia telefone, shingo inabeba uzito kama wa kilo 27. Daktari Kenneth Hansraj wa New York alipiga hesabu hiyo mwaka 2014. Sasa ongeza kukimbia dakika 30!

Hapa Bunia kuna ingine: tunaogopa umeme kukatika, basi tunashikilia vyuma kwa nguvu tangu mwanzo. Mabega yanapanda, shingo inakazana. Mimi naona afazali kupunguza mwendo mupaka uweze kuachilia mikono. Macho yaangalie mbele, telefone ibaki mufukoni. Lakini maumivu yakishuka mukononi, ao vidole vikifa ganzi, simamisha mashine, uende kwa muganga.