Poulidor: Wa Pili Aliyependwa Kuliko wa Kwanza

Mwaka jana niligombea uwakilishi wa darasa nikaangushwa kwa kura 4. Tukiwa kwenye vimbweta, rafiki yangu anayesoma Kifaransa akanitania: "Pole, Poulidor." Wote wakacheka, mimi nikabaki nashangaa. Poulidor ndiyo nani? Usiku huo nikaingia kusoma, na nikasoma hadi usingizi ukapotea.

Raymond Poulidor alizaliwa mwaka 1936 katika familia ya wakulima, huko katikati ya Ufaransa. Alikuwa mwendesha baiskeli. Alishiriki Tour de France mara 14. Akawa wa pili mara 3 na wa tatu mara 5. Jezi ya njano, ile ya anayeongoza mbio, hakuivaa hata siku moja. Mwaka 1973 aliikosa kwa chini ya sekunde moja!

Mpinzani wake mkubwa alikuwa Jacques Anquetil, bingwa wa Tour mara 5. Mwaka 1964 walipanda mlima Puy de Dôme bega kwa bega, viwiko vikigusana. Karibu na kilele Poulidor akachomoka, lakini Anquetil akabaki na uongozi wa sekunde 14. Mwisho wa mbio tofauti ilikuwa sekunde 55. Sasa sikia hii: siku kadhaa kabla, kule Monaco, Poulidor alidhani amemaliza kumbe bado mzunguko mmoja. Anquetil akashinda hatua hiyo na kupewa nyongeza ya dakika nzima. Piga hesabu mwenyewe.

Pamoja na hayo, mashabiki barabarani walimwita "Poupou" kwa mapenzi, na bingwa wakati mwingine akazomewa. Kwa nini? Wengine husema ni kwa sababu alikuwa mtoto wa mkulima. Lakini hata Anquetil alikulia shambani, kwao walilima stroberi. Mimi naona tofauti ilikuwa mwenendo. Anquetil alishinda kwa hesabu, akitoa nguvu zinazohitajika tu. Poulidor alionekana akiteseka kama watu waliomtazama, akishindwa hanuni, na mwakani anarudi. Mwaka 1976, akiwa na miaka 40, alimaliza wa tatu.

Tusidanganyane lakini: hakupendwa kwa sababu ya kushindwa. Alishinda Milan–San Remo mwaka 1961, Vuelta ya Hispania mwaka 1964, na Paris–Nice mara 2. Asiyejituma akishika nafasi ya pili hakuna anayemkumbuka.

Alifariki mwaka 2019. Miaka miwili baadaye mjukuu wake, Mathieu van der Poel, alishinda hatua ya Tour akavaa jezi ya njano. Alipovuka mstari alinyoosha kidole juu mbinguni.

Na mimi fomu nimeshachukua tena. Zile kura 4 najua zilipo: ni za watu ambao mwaka jana sikuwafuata hosteli kuongea nao.