Ulemavu kazini: sheria inaomba nini kwa mkubwa wa kazi?

Mwalimu akikatwa mguu juu ya risasi, kichwa, sauti na mkono wa kuandika vinabaki. Lakini kwa wengi huku mashariki, kazi inaisha siku ile wanatoka hospitali. Hakuna anayewafukuza. Wanaambiwa tu «pumzika kwanza», kisha nafasi inapewa mtu mwingine.

Sheria inasema namna ingine. Kipengele cha 49 cha Katiba ya 2006 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kulindwa kwa njia za pekee. Mwaka 2015 Kongo iliingia katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu. Tena tarehe 3 Mei 2022 ilitolewa sheria nambari 22/003, ya kulinda na kuendeleza haki hizo nchini.

Mkataba ule unaomba mahali pa kazi parekebishwe kulingana na mtu, bila kumbebesha mwajiri mzigo unaopita uwezo wake. Kukataa marekebisho ya namna hiyo kunahesabiwa kuwa ubaguzi.

Ni marekebisho gani? Mengi si ya bei kali. Mwalimu wa magongo anapewa darasa la chini, si la etaji. Mhasibu asiyesikia anaandikiwa maamuzi ya mkutano kwa karatasi ao kwa simu. Kwa mlango wenye ngazi, saruji kidogo inatosha kutengeneza njia ya kigari. Asiyeona anasomewa tangazo lililobandikwa ukutani.

Kisha kuna wenzake wa kazi. Wamuite kwa jina lake, si «kilema». Wamuulize kama anahitaji msaada mbele ya kumshika. Na huruma isiwe ya kumpunguzia kazi halafu kumpunguzia mshahara.

Mwenye shaka atazame mpaka wa Goma na Gisenyi. Miaka mingi, watu wenye ulemavu wamevusha pale mizigo ya biashara kwa baiskeli za magurudumu tatu, na wachuuzi wamewaaminia mali yao.

Mfanyakazi aanzie wapi? Aandike barua kwa mkubwa wake, aseme kinachomzuia na kinachohitajika, abaki na kopi yenye tarehe. Akikataliwa, aende kwa mkaguzi wa kazi, ambaye anajaribu kwanza kupatanisha pande mbili mbele kesi ifike tribinali. Pale, ile kopi ndiyo itamsemea.