Kupanda meli ya utalii kutoka London: mambo ya afya ya kuyatarajia siku ya safari

Kipeperushi hiki kimeandikwa kwa wakazi wa London wanaozungumza Kiswahili ambao wanajiandaa kusafiri kwa meli ya utalii, na hasa kwa familia zinazosafiri na wazee, watoto wadogo au mtu mwenye maradhi ya kudumu. Kinaeleza yatakayokukuta tangu unaposhuka kwenye teksi bandarini hadi meli inapong'oa nanga. Kwa abiria wengi saa hizo ni za foleni na kusubiri tu. Hata hivyo, ndizo saa za mwisho ambazo daktari wako, duka lako la dawa na hospitali ya NHS bado viko karibu nawe. Ukishavuka daraja la kupandia melini, zahanati utakayoikuta ndani ni ya kampuni ya meli na ni ya kulipia, hata kama meli ingali imefungwa kamba gatini na unaweza kuiona nchi kavu kutoka dirishani.

Bandari ipi hasa?

Neno "London" kwenye tiketi halimaanishi kila mara kwamba meli iko London. Kampuni nyingi huandika London na kuongeza jina la bandari yenyewe, nayo huenda ikawa Southampton, takriban kilomita 130 kusini-magharibi, au Dover, ipatayo kilomita 120 kusini-mashariki. Meli kubwa zinazoingia mto Thames hufunga Tilbury, katika kaunti ya Essex, kwenye ukingo wa kaskazini unaotazamana na Gravesend. Ni bandari ileile ambapo meli ya Empire Windrush iliwateremsha abiria wake kutoka Karibi mwezi Juni 1948. Treni ya kwenda huko huondoka Fenchurch Street na unashukia Tilbury Town, lakini kituo hicho hakiko gatini. Panga teksi au basi la kukufikisha.

Meli ndogo hupanda mto hadi Greenwich, au hadi karibu na Tower Bridge, kando ya manowari ya makumbusho HMS Belfast. Greenwich meli hutia nanga katikati ya mto, na abiria hupelekwa kwa mashua kutoka gatini. Jambo hili ni dogo kwa kijana mwenye begi moja. Kwa mzee mwenye maumivu ya magoti, au anayetumia kiti cha magurudumu, si dogo hata kidogo. Maji ya Thames hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti yake huweza kufikia mita saba; ngazi iliyokuwa na mteremko mpole asubuhi huweza kuwa kali alasiri. Piga simu kwa kampuni wiki kadhaa kabla ya safari, uulize abiria watapandaje, na uombe msaada uandikwe kwenye tiketi. Msaada uliokwisha kuandikwa hupatikana kwa urahisi kuliko ule unaoombwa gatini.

Mabegi yanapoondoka, dawa zibaki nawe

Jambo la kwanza utakaloliona ukifika ni wachukuzi wanaopokea mabegi na kuyafunga vibandiko vya namba ya chumba. Begi ukishalitoa hutaliona tena kwa saa kadhaa. Hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi, hupandishwa melini, kisha huletwa mlangoni mwa chumba chako, wakati mwingine baada ya chakula cha jioni. Hapo ndipo familia nyingi hukosea. Chukua mfano wa bibi mwenye kisukari aliyeondoka nyumbani Barking saa mbili asubuhi, insulini yake ikiwa imefungwa vizuri ndani ya sanduku kubwa. Saa nane mchana ameketi melini mbele ya chakula, na sanduku liko mahali asipopajua mtu. Bila insulini hawezi kula kwa usalama, na asipokula pia yumo hatarini.

Kwa hiyo dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na kipimo cha sukari, pampu ya pumu, miwani na vifaa vya kusikia. Ziache ndani ya pakiti zake za duka la dawa zenye jina lako, na uchukue za siku kadhaa zaidi ya urefu wa safari, kwa kuwa meli huchelewa. Beba pia nakala ya orodha ya dawa kutoka kwa daktari wako wa familia. Friji ndogo za vyumbani mara nyingi hazina baridi ya kutosha kwa insulini. Uliza mapema kama zahanati ya meli itakuwekea. Anayetumia dawa kali za maumivu, kama vile mofini, abebe barua ya daktari, na aulize sheria za kila nchi ambayo meli itatia nanga, maana dawa iliyo halali London huweza kuzuiwa kwingine.

Baada ya mabegi, utaonyesha pasipoti, utapigwa picha na kupewa kadi ya chumba. Kampuni nyingine hukaa na pasipoti za abiria kwa muda, omba stakabadhi. Wenye pasipoti za nchi za Afrika Mashariki wahakikishe wana viza ya nchi zote watakazopita, hata kama wana kibali cha kuishi Uingereza. Hilo si jambo la afya, lakini tungesikitika kuona mtu amejiandaa vyema kwa mengine yote, kisha akarudishwa mlangoni.

Fomu ya afya

Kabla ya kupanda utaulizwa, kwa karatasi au kwa simu, kama wewe au mwenzako wa chumbani mmetapika, mmeharisha au mmepata homa katika siku zilizotangulia. Hapa kuna kishawishi, nasi tunakielewa. Safari imelipiwa kwa akiba ya mwaka mzima, wajukuu wamevaa nguo mpya, na tumbo la mzee mmoja lilisumbua kidogo usiku. Ni rahisi kuandika "hapana" na kutumaini mema.

Sababu ya swali hilo ni ugonjwa wa norovirusi. Huanza ghafla, saa 12 hadi 48 baada ya kuambukizwa, na chembe chache mno za virusi zinatosha kumwambukiza mtu. Wengi hupona baada ya siku mbili au tatu, lakini mzee au mtoto mchanga huweza kupungukiwa maji mwilini kwa haraka. Melini watu hushika vishikio vilevile vya ngazi na kuchota chakula kwa vijiko vilevile, siku baada ya siku. Vitakasa mikono vyenye spiriti, vile utakavyovikuta kwenye kila mlango, haviviui virusi hivi ipasavyo. Nawa kwa sabuni na maji kila utokapo msalani na kabla ya kila mlo, hata kama umekwisha kupaka kitakasa.

Ukijibu "ndiyo", kwa kawaida muuguzi wa meli atakuja kuzungumza nawe. Huenda akakuruhusu kupanda, akakuruhusu kwa sharti la kukaa chumbani kwa muda, au akakuzuia. Kila kampuni ina kanuni zake, na ni vyema kuzisoma kabla ya siku yenyewe, pamoja na kuuliza kampuni ya bima kama italipa fidia endapo utazuiwa. Ukificha na ukapatikana mgonjwa usiku wa kwanza, unaweza kutengwa vilevile, na bima inaweza kukataa kulipa kwa sababu hukusema kweli. Wakati huo daktari wako wa London hawezi tena kukusaidia.

Neno "kutengwa" huwaogofya wazee wetu. Wenye asili ya Unguja wanakijua kisiwa cha Changuu, ambako jengo lililojengwa miaka ya 1890 ili liwe gereza liliishia kutumika kuwatenga wasafiri walioshukiwa kuwa na maradhi ya kuambukiza. Na wote tunakumbuka Februari 2020, meli ya Diamond Princess ilipozuiwa Yokohama ikiwa na watu 3,711, ambao 712 kati yao walipatikana na Korona. Kutengwa kwa sababu ya tumbo ni jambo dogo zaidi: unakaa chumbani, chakula na vinywaji huletwa mlangoni, na kwa kawaida unaruhusiwa kutoka saa 48 baada ya kutapika na kuharisha kukoma.

Ikiwa Kiingereza chako si kizuri, usikubali mtoto awe mkalimani wako kuhusu ugonjwa. Mtoto huona haya, hukosa maneno, na mara nyingine huficha jambo ili asimwudhi mzazi. Kabla ya safari, mwombe daktari wa familia akuandikie kwa Kiingereza majina ya maradhi yako, dawa zako na vitu vinavyokudhuru. Zahanati ya NHS itakuletea mkalimani wa Kiswahili bila malipo ukiomba, na ukipiga 111 unaweza kuomba vilevile. Melini huduma hiyo huenda isiwepo, na karatasi hiyo itazungumza kwa niaba yako.

Nani huikagua meli?

Abiria wengi hawajui kwamba meli nayo hupimwa. Kwenye Thames kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Afya ya Bandari ya London, iliyo chini ya halmashauri ya City of London, ambayo imebeba jukumu hilo tangu 1872. Maofisa wake hupanda melini kukagua majiko, maji ya kunywa, taka na dalili za panya. Chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, meli za safari za kimataifa hubeba cheti cha usafi kinachodumu miezi sita, na nahodha hutakiwa kutoa taarifa ya wagonjwa waliomo. Ukweli unaoandika kwenye fomu na unaomweleza daktari wa meli humsaidia nahodha kutoa taarifa iliyo sahihi.

Zoezi la dharura

Siku hiyohiyo ya kupanda utaitwa kwenye zoezi la usalama, uonyeshwe mahali pa kukusanyikia na namna ya kuvaa jaketi la kujiokolea. Usilikwepe. Costa Concordia ilipogonga mwamba Italia tarehe 13 Januari 2012 na watu 32 wakafa, abiria waliopanda siku hiyo walikuwa bado hawajafanya zoezi. Tangu Januari 2015 kanuni za kimataifa zinataka lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Tunajua kwamba kwa baadhi yenu hili linaamsha majonzi, kwa kuwa hakuna familia ya visiwani isiyoikumbuka Spice Islander ya 2011, wala ya Kanda ya Ziwa isiyoikumbuka MV Bukoba ya 1996. Mwenye hofu amwambie mhudumu mapema. Anaweza kuonyeshwa njia polepole, pembeni, kabla king'ora hakijalia. Asiyeweza kushuka ngazi bila lifti aseme pia, kwani katika dharura lifti hazitumiki.

Bima na chanjo

Kadi ya GHIC husaidia katika hospitali za umma za nchi za Ulaya, nchi kavu. Melini haina kazi. Gharama za zahanati ya meli huandikwa kwenye hesabu ya chumba chako, nawe hulipa kwanza na kudai baadaye. Kusafirishwa kwa helikopta au kurudishwa nyumbani kutoka bandari ya mbali ni gharama inayoweza kuifilisi familia. Nunua bima ya safari inayotaja meli za utalii, na utaje kila ugonjwa, ukiwemo wa shinikizo la damu ambao wengi huuona wa kawaida. Wajawazito waulize mapema: kampuni nyingi hazipokei mimba iliyotimiza wiki 24.

Ikiwa meli itapita Mombasa na Unguja, onana na mtaalamu wa afya ya safari wiki sita hadi nane kabla. Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, kwa hiyo maofisa wa Tanzania wanaweza kudai cheti. Chanjo hiyo ni ya kulipia, hutolewa katika vituo maalumu, na cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchomwa. Tangu Julai 2016 hudumu maisha yote, hivyo kitafute cha zamani kabla ya kulipa tena. Mwenye zaidi ya miaka 60 ambaye hajawahi kuchanjwa azungumze kwanza na daktari, kwa sababu katika umri huo madhara makubwa, ingawa ni nadra, hutokea zaidi. Chanjo za taifodi na homa ya ini ya aina A hupatikana bure kupitia NHS. Na aliyezaliwa pwani asijidanganye kwamba malaria haimwezi: kinga ya utotoni hupungua baada ya kuishi miaka mingi Uingereza, naye anahitaji vidonge vya kinga kama mgeni yeyote.

Ukirudi

Anayeharisha asiende kazini wala shuleni hadi zipite saa 48 tangu dalili kukoma, na asiingie jikoni kupikia wengine katika muda huo. Ukiwa ulifika pwani ya Afrika Mashariki na ukapata homa wakati wowote ndani ya mwaka mmoja, piga 111 au nenda hospitali siku hiyohiyo, taja ulikokuwa na tarehe zake, na uombe kipimo cha malaria.