Mlima Haupandwi kwa Haraka



Vijana wengi hapa Nkubu wanauliza kama kuongoza wageni na kubeba mizigo Mlima Kenya kunaweza kuingizia kikundi pesa. Ndiyo, kunaweza. Lakini kwanza tuujue mlima wenyewe.

Tangu zamani huu ni mlima mtakatifu. Wameru huuita Kirimaara, Waembu Kirinyaa, Wakikuyu Kirinyaga, na wazee waliomba wakiuelekea. Mwaka wa 1933 wamisionari wa Consolata walisimamisha msalaba kwenye kilele cha Lenana. Desemba 1963, tulipopata Uhuru, Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Kenya huko huko.

Njia iliyo karibu nasi ni ya Chogoria. Unapita msitu, mianzi, kisha nyasi na mawe, hadi unapolitazama kutoka juu bonde kubwa lililochimbwa na barafu. Chini yake kuna Ziwa Michaelson, na humo ndimo unamotoka Mto Nithi, ule ule tunaouvuka darajani tukienda Embu. Anayechafua huko juu anachafua maji ya jirani yake.

Sasa hatari. Lango la Chogoria liko karibu mita 2,950, na Lenana ni mita 4,985. Huko hewa ni nyepesi, mwili unakosa oksijeni. Kijana atasema, "Mimi ni mwenyeji, nimezoea." Si kweli! Aliyelala Nkubu jana anaweza kuugua sawa na mgeni aliyetoka ng'ambo, na nguvu za shamba hazimkingi. Basi tushike haya:

1. Pandeni polepole. Mkipita mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500.

2. Kichwa kikiuma, mtu akitapika au kukataa chakula, asiendelee kupanda. Apumzike hapo hapo mpaka apone. Asipopata nafuu, ateremke.

3. Akiyumba kama mlevi, akiongea ovyo, akikohoa povu au akihema hata akiwa ameketi, ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku. Asiachwe peke yake. Kungoja asubuhi kunaweza kumuua.

4. Mbebaji awe na koti, viatu, blanketi na chakula cha kutosha kama mgeni. Asione haya kusema anaumwa kwa kuogopa kukosa malipo.

5. Pombe muiache nyumbani. Moto wa kuni msiwashe, na takataka zote mteremke nazo.

Kilele kitakuwepo hata mwaka ujao. Mwana wa mtu akipotea hanunuliwi sokoni.

Maswali ya kujadiliana kikundini:
- Mgeni akitaka kufika haraka na mbebaji ni mgonjwa, nani anaamua?
- Aliyeteremka kwa ugonjwa, je, tutamlipa siku zake?
- Tunaweza kuweka akiba kiasi gani ya kununua makoti ya kikundi?