Baada ya kupimwa utumbo, githeri ingoje kesho

MTU aliyeshinda bila chakula, akanywa dawa ya kuendesha hadi akatoa maji matupu, si ajabu akitamani sahani ya githeri punde tu atokapo kwa daktari. Wengine nao huogopa kula kwa siku kadhaa wakidhani wana kidonda tumboni. Wote wawili wanakosea.

Katika uchunguzi uitwao kolonoskopi, daktari hupitisha mpira mwembamba wenye kamera katika njia ya haja kubwa ili auone utumbo mpana, ambao kwa mtu mzima una urefu wa karibu mita moja na nusu. Hupuliza hewa ndani ili utumbo upanuke. Hewa hiyo ndiyo hufanya tumbo lijae na kunguruma baadaye. Kutembea polepole na kuitoa bila haya huleta nafuu.

Kwa kawaida, mgonjwa huruhusiwa kula siku hiyo hiyo. Anza na maji, supu nyepesi au uji mwepesi ili kurudisha maji na chumvi zilizopotea. Usiposikia kichefuchefu, kula kidogo kidogo vyakula laini kama wali mweupe, viazi vilivyopondwa, yai la kuchemsha au ndizi mbivu. Githeri, maharagwe, kabeji, soda na chipsi zingoje, kwa kuwa huongeza gesi au hulemea tumbo. Aidha, usinywe pombe wala kuendesha gari kwa saa 24 ikiwa ulidungwa dawa ya usingizi.

Kesho yake wengi hurudia ugali na sukuma wiki bila taabu. Usishtuke usipoenda choo kwa siku mbili tatu, kwani utumbo uliachwa mtupu.

Wagonjwa wa kisukari wawe waangalifu zaidi. Kumeza tembe au kujidunga insulini kama kawaida ilhali hujala vya kutosha kwaweza kushusha sukari hadi ukazirai.

Hali ni tofauti ikiwa daktari alikata kijinyama utumboni. Vijinyama huondolewa kwa sababu baadhi yavyo vyaweza kugeuka saratani, lakini mahali palipokatwa hubaki kidonda ambacho chaweza kutoa damu hata baada ya wiki mbili. Mgonjwa kama huyo afuate chakula alichoagizwa, na asifunge safari ya mashambani kabla ya kumwuliza daktari. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aulize pia siku ya kuzirudia.

Matone machache ya damu huenda yasiwe hatari. Hata hivyo, damu nyingi au mabonge, homa, kutapika, tumbo kuwa gumu, au maumivu makali yasiyopungua hata baada ya kutoa hewa ni dalili za kurudi hospitalini mara moja, hata kama ni usiku. Ni nadra utumbo kutoboka, lakini ukitoboka, kumeza dawa ya gesi na kulala kwaweza kugharimu maisha.

Kwa kuwa mgonjwa huwa bado na usingizi, anayemsindikiza aulize mambo matatu kabla ya kuondoka: Je, kuna kilichokatwa? Dawa zake zirudiwe lini? Na mambo yakiharibika usiku, twende wapi?