Ufadhili wa chuo: pigia hesabu kabla ya kugusa mtaji

Matokeo ya mtihani wa kidato cha sita hutoka kwa kawaida mwezi Julai. Tangu siku hiyo hadi vyuo vinapofunguliwa, karibu Oktoba au Novemba, fedha nyingi za biashara ndogo ndogo wilayani Same hubadili njia. Fedha iliyokuwa ya kununulia tangawizi ya Mamba Miamba au mpunga wa Ndungu huanza kuhesabiwa kama ada. Ng'ombe huuzwa, na wakati mwingine shamba nalo huwekwa rehani.

Katika kipindi hicho hicho vyuo vikuu binafsi hutangaza ufadhili kwa wanafunzi waliofaulu vizuri. Vyuo vya aina hiyo vilianza nchini katika miaka ya 1990, Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki cha Dar es Salaam kikiwa miongoni mwa vya kwanza. Leo mzazi wa Same hahitaji kwenda mbali. Moshi kuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Mwenge na chuo cha tiba cha KCMC. Usa River, karibu na Arusha, wapo Makumira na Chuo Kikuu cha Arusha. Tatizo lake ni kujua kama tangazo la ufadhili ni fedha ya kuhesabia au ni matumaini tu.

Wafanyabiashara hukosea kwa njia mbili. Wapo wanaosikia neno "ufadhili" wakachagua chuo cha ada kubwa, wakiamini nusu ya mzigo imeshashuka. Wapo pia wanaosema "hizo ni za watoto wa wakubwa" wasijaze fomu, na mtoto aliyestahili akakosa. Makosa yote mawili yanatokana na kutopiga hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu kuliko ya kununua mzigo Gonja na kuuuza Kariakoo.

Ni zawadi ya kiwango au ya ushindani?

Jambo la kwanza ni kujua aina ya ufadhili. Aina ya kwanza ni ya kiwango: kila aliyefikia pointi zilizotajwa anapata. Hapo matokeo ya watoto wa wengine hayana uzito. Mtoto akifikia amepata, asipofikia amekosa. Aina ya pili ni ya ushindani: nafasi zimehesabiwa, tuseme 10, na waombaji wote wanapangwa kwa mstari. Hapo mtoto anaweza kupata Daraja la Kwanza na bado akakosa, kwa sababu 10 wengine wako mbele yake.

Matangazo mengi hayasemi wazi ni aina gani. Neno la kuangalia ni "hadi". Tangazo la "ufadhili hadi asilimia 100 ya ada" halisemi kwamba kila anayefadhiliwa anapata asilimia 100. Linasema hakuna atakayezidi hapo. Mwenye duka anayebandika "punguzo hadi nusu bei" anaelewa vizuri maana yake.

Usigawanye kwa namba isiyohusika

Kosa la pili ni kugawanya nafasi kwa watu wasiohusika. Mfano mzuri ni Ufadhili wa Samia, ulioanzishwa na Serikali mwaka wa masomo 2022/23 kwa waliofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi katika kidato cha sita. Nafasi za mwaka huo wa kwanza zilikuwa 640. Waliosajiliwa kufanya mtihani wa kidato cha sita mwaka 2022 walikuwa zaidi ya 90,000. Anayegawanya 640 kwa 90,000 anapata watu 7 hivi kwa kila 1,000, anakata tamaa na kukunja fomu.

Hesabu hiyo haimhusu mtoto yeyote. Mwanafunzi wa mchepuo wa historia, jiografia na lugha hakuwa na 7 kwa 1,000. Alikuwa na sifuri, hata kama alipata A tatu. Mwanafunzi wa fizikia, kemia na hisabati mwenye pointi 3, yaani A katika kila somo, alikuwa mbali sana juu ya hiyo 7. Mwenzake wa mchepuo huo huo mwenye pointi 9 naye ana Daraja la Kwanza, kwa kuwa daraja hilo linaanzia pointi 3 na kuishia 9, lakini amesimama nyuma kabisa ya mstari.

Kwa hiyo kigawanyo sahihi ni wale tu wanaostahili na wanaoomba. Chuo kinachotoa ufadhili kinaweza kuulizwa maswali matatu: mwaka jana waliomba wangapi, walipata wangapi, na wa mwisho kupata alikuwa na pointi ngapi. Jibu la swali la tatu ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote. Ni sawa na kujua bei ya mwisho iliyofunga soko jana.

Mtihani wa majaribio kama kipimo

Mara nyingi uamuzi hufanywa kabla ya matokeo, kwa kuangalia mtihani wa majaribio. Mzazi anaona pointi 5 kwenye karatasi ya shule na kuzichukua kama zimeshapatikana. Njia bora ni kumwomba mwalimu wa taaluma kumbukumbu za miaka mitatu iliyopita. Tuseme wanafunzi 20 walipata pointi 5 katika majaribio, na kati yao 5 tu ndio waliopata pointi 5 au pungufu katika mtihani wa taifa. Basi nafasi ya mtoto huyu, kabla ya kujua lolote jingine, ni 5 kwa 20, yaani robo.

Mzazi atasema mtoto wake ana bidii kuliko hao 20. Inawezekana. Lakini wazazi wa wale 15 nao walisema hivyo hivyo.

Mwaka wa pili na wa tatu

Ufadhili wa ufaulu kwa kawaida una sharti: mwanafunzi abaki na wastani fulani wa alama chuoni, la sivyo unakatwa. Tuseme sharti ni wastani wa 3.5 kati ya 5, mahali linapoanzia daraja la pili la juu katika shahada. Tuseme pia kwamba kwa kila wanafunzi 10 wenye ufadhili, 7 huvuka sharti hilo kila mwaka.

Sasa hesabu iende hivi. Chuo A kinatoza ada ya Sh 2,000,000 kwa mwaka, kwa miaka 3, jumla Sh 6,000,000. Ufadhili wake unalipa ada yote, na nafasi ya kuupata ni robo. Mwaka wa kwanza ufadhili una thamani ya robo ya Sh 2,000,000, yaani Sh 500,000. Mwaka wa pili ni saba ya kumi ya hiyo, Sh 350,000. Mwaka wa tatu ni saba ya kumi tena, Sh 245,000. Jumla ni Sh 1,095,000. Hivyo gharama ya kutarajia katika Chuo A ni Sh 4,905,000.

Chuo B hakina ufadhili wowote, lakini ada yake ni Sh 1,400,000, jumla Sh 4,200,000 kwa miaka 3. Chuo B ni nafuu kwa Sh 705,000, ingawa tangazo la Chuo A ndilo lililovutia macho. Namba hizi ni za mfano tu; kila mzazi aweke zake. Nafasi ikipanda kutoka robo hadi nusu, thamani ya ufadhili inakuwa Sh 2,190,000, gharama ya Chuo A inashuka hadi Sh 3,810,000, na uamuzi unageuka.

Wastani haulipi ada

Hata hivyo kuna tahadhari ambayo mwenye mtaji mdogo hapaswi kuisahau. Hakuna mwanafunzi atakayepewa Sh 1,095,000. Atapata ufadhili, au hatapata kitu. Tajiri mwenye watoto 20 wa kusomesha anaweza kutumia wastani. Mwenye mtoto mmoja na duka moja anapaswa kuuliza: ufadhili ukikosekana, au ukikatwa mwaka wa pili, je, Sh 2,000,000 zitatoka wapi? Kama jibu ni kuuza bidhaa zote dukani, basi familia imeweka dau ambalo haina uwezo wa kulipoteza. Mtoto anayerudi nyumbani mwaka wa pili kwa kukosa ada hana shahada, na duka nalo halipo.

Kadhalika, kuomba vyuo vitatu si kinga kamili. Kama kila chuo kina nafasi ya asilimia 20, hesabu ya darasani inasema nafasi ya kupata angalau kimoja ni karibu asilimia 49. Hesabu hiyo ni sahihi pale tu vyuo vinapoamua kwa mambo tofauti. Vyuo vyote vitatu vinatazama cheti kile kile. Matokeo yakiwa mabaya, vyote vinafunga mlango kwa pamoja, kama wanunuzi watatu wa tangawizi wanaosikiliza bei moja ya Dar es Salaam: ikishuka huko, hakuna wa kumkimbilia. Nafasi halisi iko chini ya hiyo 49. Inafaa kuomba pia kwa wanaotumia vigezo vingine, kama kanisa, halmashauri au mfuko wa ukoo.

Mkopo nao uwekwe mezani

Wanaosubiri ufadhili wasipitwe na dirisha la Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Bodi hutazama zaidi uhitaji, na wanafunzi wa vyuo binafsi nao huomba. Mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021. Kwa mfanyabiashara, deni la namna hiyo ni nafuu kuliko kuvunja mtaji unaozunguka. Asiyejaza fomu kwa kutegemea ufadhili anaweza kukosa vyote viwili.

Mwisho, vigezo vidaiwe kwa maandishi. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka kutoka milimani hadi Same kupinga mbiru, kodi iliyowapanga watu kwa makadirio ya uwezo wao. Hawakuridhika kupangwa kwa kipimo ambacho hawakukielewa. Mzazi wa leo anayeuliza chuo "mnapangaje?" anauliza swali la haki, na jibu lake litamwambia kama afanye mpango wa ufadhili au wa ada kamili. Asipopata jibu, afanye hesabu kana kwamba ufadhili haupo, na ukija uwe faida.